Kutoka Stesheni Kupanda Mwanga: Shajara ya Mpango wa Miaka 20 wa Kigoma Mjini

Januari. Mipaka ya eneo

Eneo la mpango limekubaliwa. Linaanzia mbele ya stesheni ya reli, linapanda na Barabara ya Lumumba chini ya miembe, linachukua mitaa ya maduka ya zamani kushoto na kulia, na linakoma pale mwinuko unapoikaribia Mwanga, mtaa wa biashara ulio juu. Bandari na Kibirizi, ufukweni, ziko nje ya mstari wetu, ila kila ramani tutakayochora itaonyesha njia za kufika huko. Mtaa huu haujawahi kuishi peke yake.

Waliomo kwenye kazi ni mpimaji ardhi mstaafu, binti anayesomea mipangomiji, wafanyabiashara wa hapa hapa, balozi wa zamani wa nyumba kumi, na mimi mchoraji wa ramani za majengo. Mamlaka hatuna. Mwenye mamlaka ya kupanga mji kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007 ni halmashauri ya manispaa, na lolote tutakaloandika ni pendekezo la wakazi litakalopelekwa kata, kisha juu. Tumechukua kipimo cha miaka 20 kwa kuwa ndicho kinachotumika kwa mipango kabambe, yaani mipango mikuu ya mji mzima, ya miji yetu; ile ya Arusha na Mwanza, kwa mfano, ilipangwa kuanzia 2015 hadi 2035. Pendekezo letu likitaka kusikilizwa, lazima liweze kukaa ndani ya karatasi ya namna hiyo, kama mpango wa kina wa sehemu moja ya mji.

Kabla ya kupima chochote nimeandika ukurasa mmoja wa historia, nikiuliza swali moja tu: mtaa huu ulijengwa ufanye kazi gani?

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikafika majini hapa Kigoma, baada ya kilomita 1,250 hivi. Kabla ya hapo mji mkubwa wa upande huu wa Ziwa Tanganyika ulikuwa Ujiji. Kigoma ilipendelewa kwa ghuba yake, yenye kina na iliyojikinga na upepo. Mwaka 1915 ikazinduliwa hapa meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kuletwa kwa bahari na reli. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916. Waingereza wakaiopoa na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji sehemu ya bandari kwa pango la faranga moja kwa mwaka, ili mzigo wa Kongo na wa Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) upate njia ya kwenda baharini. Maduka ya Lumumba yaliufuata mkondo huo. Msafiri anashuka garimoshi, analala, ananunua, anapanda meli. Karani wa forodha anapanga chumba. Mfanyabiashara wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, anakaa siku kadhaa akisubiri behewa.

Nayaandika haya mapema kwa sababu karibu kila anayetutembelea husema mtaa umechoka kwa kuwa nyumba ni kuukuu. Nyumba kuukuu ziko tele Ujiji na Mwanga, na watu wanauza na kununua humo tangu alfajiri. Huku chini kilichopungua ni mzigo na wapita njia. Nyumba zilichakaa baadaye, kodi iliposhindwa kulipia fundi.

Februari. Daftari la vyumba

Tunapita mlango kwa mlango. Fomu yetu ina jengo, namba ya kiwanja, hali ya paa na kuta, nani anamiliki, nani anapangisha, nani hasa anafanya kazi ndani, anafungua na kufunga saa ngapi, na mzigo wake unatoka wapi. Swali la mwisho liliongezwa na wafanyabiashara wenyewe, na ndilo lililotuletea mengi. Ukijua mzigo unatoka wapi unajua pia kwa nini duka liko hapa na haliko Mwanga. Wauza nyavu na nyuzi za kuvulia, wauza vipuri vya injini za maboti, mafundi saa, stoo za saruji na mabati, maduka ya dawa yaliyo karibu na ofisi: hawa wanasema wazi kwamba wakihama watapoteza wateja. Wauza nguo na viatu wanasema kinyume, wengi wameshafungua meza ya pili Mwanga na hapa wanalinda jina tu.

Suala la umiliki ni zito na nitalieleza kwa kirefu, maana mipango mingi ya kufufua mitaa ya zamani hukwama papa hapa.

Majengo mengi ya mtaa wa namna hii katika miji yetu yalijengwa na familia za Kihindi na za Kiarabu, duka mbele, makazi nyuma, ua katikati. Aprili 1971 ikatungwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo kwenye mtaa mmoja unaweza kukuta jengo la shirika la umma, la pili likiwa la mjukuu wa aliyelijenga, la tatu limenunuliwa juzi na mtu anayeishi Dar es Salaam, na la nne lina kesi ya mirathi. Chini ya kila mmiliki kuna ngazi. Msimamizi anakusanya kodi. Mpangaji mkuu ana mkataba wa chumba kizima, amekigawa kwa ubao na kupangisha nusu. Kwenye baraza yupo mwenye cherehani anayelipa kwa wiki, na pembeni yake mama anayeuza vitumbua na chai anayelipa kwa kufagia na kulinda mlango usiku.

Mama mmoja muuza vitenge, aliyekaa chumba kile kile tangu watoto wake wadogo, alimwambia binti yetu: "Mwanangu, ukiandika jengo hili utaandika jina la mwenyewe, ukiandika kodi utaandika jina la yule aliyenipangisha. Mimi sipo popote, ila anayefungua mlango asubuhi ni mimi."

Tumeamua jioni ile ile kwamba daftari letu litaanza na mtu anayefungua mlango. Jina la mwenye hati litafuata. Mpimaji wetu alisita, kwa sababu amefanya kazi maisha yake yote akianza na kiwanja. Baada ya kuona fomu za mtaa mmoja zikiwa zimejazwa, alikubali na sasa ndiye mkali kuliko sisi sote.

Machi. Maji yanapopita

Mvua zimetusaidia kuona. Barabara ya Lumumba imelala kwenye mteremko, na kila tone linaloanguka juu linashuka kwenda ghubani. Tulisimama kwenye baraza tofauti wakati wa mvua kubwa na kuchora njia za maji kwa penseli nyekundu.

Jambo la kwanza ni usawa. Kila mara barabara inapowekwa tabaka jipya bila kuchimbua la zamani, lami inapanda. Vizingiti vya maduka havipandi. Kuna milango ambayo zamani ulikuwa unapanda ngazi kuingia na leo unashuka, na maji nayo yanashuka pamoja nawe. Wenye maduka wameweka vikuta vya saruji mlangoni, maji yakahamia kwa jirani.

La pili ni kuta. Kuta nyingi za zamani ni za mawe au matofali yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo. Chokaa hupitisha unyevu. Ukuta unaloa na kukauka. Mafundi wa siku hizi, kwa nia njema kabisa, wanapiga plasta ya saruji juu yake ili uonekane mpya. Saruji inaziba, unyevu unakwama ndani, chumvi inapanda, na baada ya misimu michache plasta inabanduka na kung'oka na kipande cha ukuta. Mwenye nyumba anahitimisha kwamba ukuta umeoza na jengo livunjwe. Tumeangalia jengo moja ambalo upande wa ua haujawahi kupigwa saruji: ukuta mzima, chokaa yake ngumu, nyufa za kawaida tu. Upande wa barabarani, uliokarabatiwa mara nyingi, ndio unaomomonyoka. Nimepiga picha pande zote mbili na nitazibandika mwanzoni mwa sura ya majengo, kwa sababu hoja ya "bomoa, limeisha" itakuja, na hoja hiyo mara nyingi inalihukumu jengo kwa kosa la plasta.

Kwa hiyo miaka mitatu ya kwanza ya mpango haina jengo jipya hata moja. Ina mifereji ya kina inayofuata mteremko, yenye mifuniko inayoweza kuinuliwa na watu wawili ili isafishwe. Ina mabomba ya kushusha maji ya paa. Ina mafunzo ya kuchoma na kuchanganya chokaa kwa mafundi vijana. Mfanyabiashara mmoja alilalamika kwamba mpango wa miaka 20 unaoanza na mifereji hauna mvuto kwa mtu yeyote mwenye fedha. Huenda. Lakini sijaona jengo jipya lililosimama vizuri juu ya mfereji uliokufa.

Aprili

Kazi ndogo. Ofisi moja tuliyoiomba nakala za ramani za zamani za viwanja haijatujibu. Mpimaji anatumia kumbukumbu zake na mawe ya mipaka yaliyobaki ardhini. Tumeendelea kujaza daftari.

Mei. Stesheni na mwaka 1863

Tumekaa na suala la majengo ya kuhifadhi. Kila mtu alikuja akiamini kwamba stesheni, kwa kuwa ni ya Mjerumani na ina zaidi ya miaka mia, inalindwa na sheria moja kwa moja. Binti yetu alileta Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na kutusomea. Jengo linapata kinga kwa umri wake peke yake ikiwa lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki inalindwa ikiwa ni ya kabla ya 1940, kwa hiyo mlango mzuri wa Ujiji unaweza kuwa na ulinzi ambao ukuta unaoushika hauna. Jengo la 1914 linahitaji kutangazwa na Waziri ndipo liwe kumbukumbu ya taifa.

Hapo mjadala ulichangamka. Kigoma kama mji wa reli na bandari ina umri wa karne moja na kidogo. Karibu kila kinachoifanya Kigoma iwe Kigoma kimejengwa baada ya 1863. Tukingoja tangazo la kila jengo tutazeeka. Njia tuliyoichagua ni kuweka masharti ya hifadhi ndani ya mpango wa kina wenyewe, yaani kwenye masharti ya vibali vya ujenzi vya eneo hili. Tumegawa majengo mafungu matatu: yale yanayobaki mazima, stesheni ikiwa ya kwanza, yale yanayobaki uso na baraza huku nyuma pakiruhusiwa kujengwa, na yale ambayo mwenyewe anaweza kuyaondoa akitaka.

Fungu la pili ndilo kubwa na ndilo ninalolipenda. Baraza ni eneo la biashara la watu wasio na chumba. Ukiondoa mstari wa baraza na kuweka vioo hadi ukingoni mwa barabara, umewatoa mafundi cherehani, wauza magazeti, wakarabati wa simu na mama lishe kwa siku moja, bila fidia, kwa kuwa hakuna sheria inayowatambua kama wapangaji. Tumependekeza kila jengo jipya linaloelekea Lumumba liwe na baraza yenye paa, ya upana ambao watu wawili wanaweza kupishana na wa tatu akiwa amekaa na kazi yake.

Miembe nayo imeingizwa kwenye daftari, kila mmoja na nafasi yake kwenye ramani. Njia za mabomba na nyaya zitachorwa kuizunguka. Hili halikuwa na mpinzani.

Juni. Ziwa

Kiangazi kimeingia, tumeteremka ufukweni.

Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka mfululizo, maji yanapanda na kushuka kwake ni kwa taratibu. Katika miaka ya 1870 ziwa lilijaa kupita kiasi, Lukuga ikafunguka, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka kwa mita nyingi. Ndiyo maana pale Ujiji panapokumbukwa kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871 leo ni mbali na maji. Yakapanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sisi wenyewe tuliona 2020 na 2021 nyumba, vibanda na gati za pembezoni zikiingia majini, Kibirizi ikiwemo.

Mwenye duka la nyavu alisema watu wamesahau tayari na wanajenga pale pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukingo upi? Ule wa kiangazi kibaya au ule wa 2021? Mpimaji amependekeza mita 60 zihesabiwe kutoka alama ya juu ya maji tunayoikumbuka sisi tuliopo, na tuziweke alama hizo kwa vigingi wakati mashahidi bado wapo. Wazee wavuvi wametuonyesha miti na kuta ambako maji yaliishia. Imeandikwa na kupigwa picha. Mpango wa miaka 20 kwenye ziwa hili ni lazima utarajie kupanda kwa maji angalau mara moja.

Kutokana na hilo, wazo la hoteli na maduka ufukweni chini ya stesheni, ambalo lilikuwa na mashabiki kati yetu, limetolewa. Pale patabaki uwazi, miti, na njia ya miguu. Soko dogo la dagaa na mawese linaweza kukaa hapo juu ya meza zinazohamishika.

Julai. Reli mpya inafika wapi, na mzigo wa nani

Kikao kirefu kuliko vyote.

Watu wanasubiri reli ya kisasa kwa matumaini makubwa, na wana sababu. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 pamoja na njia za kupishania, ulitiwa saini Desemba 2022. Mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ameshaanza kuhesabu vitanda.

Nilitaka tuangalie ramani ya Uvinza. Reli nyingine, ya kwenda Musongati nchini Burundi, inachepuka hapo Uvinza, kabla ya Kigoma. Ikikamilika, shehena ya Burundi iliyozoea kufika hapa na kupakiwa melini inaweza kugeuka kulia mapema na kwenda zake kwa reli. Nikasema waziwazi: mpango unaojengwa juu ya dhana kwamba mzigo wote wa Burundi utapita Barabara ya Lumumba utaanguka. Kilichobaki kwa uhakika ni Kongo. Kalemie iko ng'ambo, ina reli yake tangu 1915, na watu wa mashariki mwa Kongo watahitaji saruji, unga, mabati na mafuta kupitia hapa, amani ikiwepo.

Palikuwa na ukimya, kisha mabishano. Mwenye nyumba ya wageni hakufurahi. Mwenzake wa stoo ya saruji alimwambia: "Kaka, wateja wangu wote wanaongea Kiswahili cha Kongo. Mrundi ananunua Mwanga na kuondoka na lori." Hapo ndipo tulipoona thamani ya lile swali la Februari la mzigo unatoka wapi na unaenda wapi. Daftari lilikuwa limeshajibu.

Tumeacha kuandika mpango mmoja unaotegemea bahati. Tumeandika hali tatu: reli mpya ikifika mapema na Kongo ikiwa tulivu, reli ikichelewa, na mzigo wa Burundi ukihama huku wa Kongo ukisuasua. Kwa kila hali tumejiuliza ni hatua gani inafaa bado. Mifereji inafaa katika zote tatu. Maghala madogo ya kuhifadhi mzigo wa mfanyabiashara wa kawaida, yule asiyejaza kontena, yanafaa katika zote. Njia ya miguu yenye kivuli na taa kutoka stesheni hadi juu inafaa katika zote. Hoteli kubwa inafaa katika moja. Kwa hiyo hoteli imeandikwa mwishoni, kwa sharti la kuangaliwa upya baada ya mwaka wa nane.

Septemba. Miezi 36

Nilikuwa naisubiri sura hii kwa hofu, kwa sababu ndiyo inayowagusa watu tunaokunywa nao chai.

Kanuni za fidia za 2001, chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi na upotevu wa faida. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi mara miezi 36. Upotevu wa faida ni faida halisi ya mwezi mara miezi 36, ikithibitishwa inapohitajika kwa hesabu zilizokaguliwa. Nilisoma kifungu hicho kwa sauti mbele ya wapangaji. Kisha nikauliza nani ana hesabu za mwaka jana. Mikono haikuinuka.

Mtu aliyeuza vitenge kwa miongo miwili, akasomesha watoto, akajenga nyumba Gungu, mbele ya mthamini anaweza kuonekana hana faida yoyote aliyopoteza. Sioni dhuluma iliyofichika vizuri kuliko hiyo, na haihitaji mtu mwenye nia mbaya. Inatokea yenyewe, karatasi zikikosekana.

Tumefanya mambo mawili. Kwanza, binti yetu na mwalimu mstaafu wa hesabu wameanza darasa la jioni la kuweka daftari la mauzo, manunuzi na kodi, kwa kalamu na daftari la kawaida, na kwa wanaotaka, kwa simu. Waliohudhuria zaidi ni akina mama wa mitumba na vitenge. Pili, tumeandika kwenye rasimu kanuni ya kuhamisha: hakuna chumba kinachofungwa mpaka chumba kingine ndani ya eneo hili hili kiwe tayari, na mpangaji ana haki iliyoandikwa ya kurudi kwanza jengo likikamilika. Ili kanuni hiyo iwezekane, ujenzi uanze kwenye nyua tupu na maghala yasiyotumika nyuma ya Lumumba. Pale patajengwa vyumba vya kwanza, wapangaji wa jengo la kwanza watahamia hapo, jengo lao litakarabatiwa au kujengwa upya, kisha zamu ya linalofuata. Ni taratibu. Ndiyo maana tunahitaji miaka 20.

Wamiliki wawili waliokuwepo waliuliza nani atalipa kodi wakati jengo limefungwa. Swali la haki. Jibu letu, kwa sasa, ni ubia: mwenye kiwanja anachangia ardhi, mwenye mtaji anajenga, na sehemu ya vyumba vya chini inatengewa wapangaji wa zamani kwa kodi yao kwa muda uliokubaliwa. Shirika la Nyumba la Taifa lina sera ya ubia tayari, kwa hiyo lugha hiyo si ngeni. Hesabu zake bado hazijanyooka.

Oktoba. Ghorofa ngapi

Mfanyabiashara mmoja kijana, mwenye bidii na ninayemheshimu, anataka ghorofa kumi. Anasema Kariakoo ilianza na nyumba za vyumba sita na leo imesimama angani. Nilimjibu kwa takwimu za sensa. Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa na watu 215,000 hivi mwaka 2012, na 232,000 hivi mwaka 2022. Mji unakua, lakini taratibu sana ukilinganisha na Dar es Salaam au Dodoma. Ghorofa kumi hapa zitakuwa na maduka chini na giza juu. Na tulikumbushana jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 likiwa na wafanyabiashara ndani. Kwenye misingi ya mawe isiyojulikana kina chake, katika bonde la mteremko lenye maji chini, mimi sitaweka jina langu kwenye mchoro wa kuongeza ghorofa juu ya ukuta wa zamani.

Tumekubaliana juu ya ghorofa mbili mbele, tatu au nne nyuma ya mstari wa baraza, ili uso wa mtaa ubaki na ziwa lionekane kutoka juu. Viwanja vyetu ni vyembamba na virefu. Kimoja kimoja havitoi jengo la maana, ngazi na choo vinakula nusu. Viwili au vitatu vikiunganishwa, vinatoa. Kwa wamiliki wanaoogopa kupoteza cha babu, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya 2008 inaruhusu kila mmoja kushika hati ya sehemu yake ndani ya jengo la pamoja. Mzee mmoja alitaka aelezwe mara ya pili na ya tatu, kisha akauliza kama sehemu hiyo inaweza kurithiwa. Inaweza. Akasema ataongea na nduguze.

Pia: makazi. Mtaa unaofungwa jioni unakufa jioni. Mwanga inaishi usiku kwa sababu watu wanalala pale pale. Ghorofa za juu za Lumumba ziwe za kuishi, kwa sharti la kibali, na zisigeuzwe ofisi zote.

Novemba. Rasimu ya kwanza

Rasimu imechapwa na kupelekwa kwa afisa mtendaji wa kata, pamoja na ramani kubwa ya njia za maji, ramani ya miembe na majengo kwa mafungu matatu, na daftari la wapangaji ambalo majina yake yamefichwa kwa namba. Ameahidi kuiita mikutano ya mitaa kabla haijaenda juu. Nakala moja imebandikwa kwenye baraza ya duka la nyavu, ambako watu wanasimama na kubishana nayo kwa kalamu. Maandishi yao tunayanakili kila Ijumaa.

Mabadiliko yaliyokwisha kuingia kutokana na baraza hiyo: kituo cha bajaji kimesogezwa mbali na mlango wa stesheni, choo cha umma kimeongezwa katikati ya mteremko, ombi la akina mama wa chai, na upana wa njia ya mikokoteni umeongezwa, kwa sababu mizigo ya bandarini bado inasukumwa kwa mkono.

Kinachofuata mpaka Februari: kumalizia mitaa miwili ya nyuma ambayo daftari halijaifikia, kuweka vigingi vya alama ya maji ya 2021 kabla ya mvua kuu, kupata makadirio ya mifereji kutoka kwa mhandisi, na kukaa na wamiliki wa viwanja vitatu vya kwanza waliokubali kuzungumza kuhusu kuunganisha. Darasa la daftari linaendelea Jumanne na Alhamisi jioni, mbele ya stoo ya saruji.